Damu ya Mpagazi

Ukitaka kumjua rafiki yako, mkopeshe fedha, au tembea naye kutoka Bagamoyo mjini mpaka Kaole mwezi wa pili, saa saba za mchana. Njia ya kwanza huchukua miaka. Ya pili ni kilomita tano tu.

Rafiki mwenyewe tunamwita Profesa. Hajasoma chuo chochote. Ana duka la vipuri vya bajaji Kariakoo. Jina alipewa kijiweni, kwa sababu huwezi kumwuliza bei ya plagi asikueleze kwanza reli ya kati ilivyojengwa. Ni Mnyamwezi wa Tabora, na hilo atakwambia kabla hujavuta kiti. Babu wa babu yake, kwa maelezo yake, alikuwa mpagazi wa misafara ya pembe: alitoka Unyanyembe na mzigo begani, akautua Bagamoyo, akarudi, akaja tena. Kwa hiyo, husema Profesa, kwake yeye kutembea si mazoezi. Ni damu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu jua likishafika utosini mtu hutafuta mwembe, hatafuti historia. Lakini Profesa alikwisha amua kwamba ni aibu. Watu wazima, wakazi wa Dar es Salaam, Bagamoyo iko kilomita sabini hivi, na mara ya mwisho kuiona tulikuwa na sare za shule. Tukipita siku hizi tunapita kwenda harusini, na tunachokumbuka ni pilau. Tungekwenda tukaone kila kitu, na tungekiona kwa miguu.

"Wazee wetu walitembea zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Ujiji," alisema. "Sisi hizi za mjini zitushinde?"

Nilitaka kumwambia kwamba wazee wetu hawakuwa na chaguo, na sisi tunalo, linaitwa bajaji. Nikanyamaza. Mtu mwenye duka la vipuri vya bajaji akikataa kupanda bajaji, ana sababu zake. Sababu zenyewe nilikuja kuzijua jioni.

Tulikubaliana kuondoka alfajiri. Profesa alifika stendi ya Makumbusho jua limeshatandaa, amevaa makubazi mapya ya ngozi, kofia pana ya ukili na miwani myeusi. Mkoba wake ulikuwa mtupu. Nikamwuliza maji yako wapi. Akanijibu kwamba wapagazi hawakutembea na maji ya chupa. Mimi nilikuwa na chupa mbili kubwa, na ili msomaji asipate wasiwasi nitasema mapema: zote mbili alizinywa yeye.

Tulianzia kaskazini ya mji, kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Pale pana mbuyu ambao shina lake limemeza mnyororo. Kipande tu cha chuma ndicho kinachochungulia kwenye gome. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfunga punda wake hapo, mnyororo ukasahauliwa, mti ukaendelea kunenepa. Profesa aliushika ule mnyororo akatikisa kichwa kwa huzuni ya kisomi. Mimi nilichokiona ni kwamba punda wa enzi hizo walifungwa kivulini.

Hatua chache kutoka hapo uko mnara wa kanisa la kwanza, ambao watu huuita mnara wa Livingstone. Mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo mwezi wa pili mwaka 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na baadaye Uingereza, ambako ulizikwa Westminster Abbey. Alikuwa amefariki mwezi wa tano wa mwaka uliotangulia, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hadi pwani. Miezi tisa hivi. Kilomita zaidi ya elfu moja na mia tano.

Habari hizi nazijua kwa sababu Profesa alizisema kwa sauti ya kusikika mpaka baharini. Kwa bahati mbaya kundi la wanafunzi lilikuwa linapita. Mwalimu wao, aliyekuwa amechoka kabla yetu, alimwona mtu mwenye kofia pana anaongea bila kuulizwa, akajua huyu ndiye mwongozaji wa mahali. Akawapanga watoto mbele yake, yeye akaenda kukaa kwenye ngazi. Profesa hakukanusha. Aliwachukua wale watoto kutoka Chitambo mpaka Unyanyembe, akaugua njiani kwa niaba ya msafara, akavuka mito, akabishana na machifu. Walipofika Bagamoyo watoto wawili walikuwa wamelala. Mwalimu akamshukuru, akamtia noti mkononi.

Ndipo akatokea mwongozaji mwenyewe, kijana mpole mwenye kitambulisho shingoni. Hakugomba. Alinyoosha mkono tu. Profesa akaiweka noti ile mkononi mwa kijana, kisha akaongeza na yake, na hiyo ikawa mara ya kwanza siku ile kwa historia kumgharimu.

Nje ya geti vijana wa bodaboda walitushukia.

"Wazee wangu, Kaole buku mbili mbili!"

"Kijana," alisema Profesa, "unajua mimi ni Mnyamwezi?"

"Hata Wanyamwezi tunawabeba, mzee. Bei ileile."

Mjini tulipita haraka, kwa kuwa maji ya chupa ya kwanza yalikuwa yamekwisha na kivuli cha Mtaa wa India ni chembamba. Tuliliona Boma la Wajerumani la mwaka 1897, lililojengwa miaka kadhaa baada ya wao kuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam. Tuliiona Ngome Kongwe. Tulisimama Caravan Serai, ambako misafara ilitua na kupangwa, na hapo Profesa akanifundisha kwamba mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, sufuria yake na chakula chake. Nikamwomba anisaidie begi langu, lenye chupa moja ya maji na taulo. Alilibeba mpaka kwenye kona ya pili, akanirudishia, akisema mikanda yake haikutengenezwa kwa bega la Kinyamwezi.

Kutoka mjini kwenda Kaole barabara ipo. Inapita karibu na Taasisi ya Sanaa, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Chuo cha Sanaa, kisha inaelekea kusini bila hila yoyote. Mtoto wa darasa la kwanza angefika. Lakini tulipolipita eneo la chuo Profesa alisimama, akanusa upepo wa kaskazi, akatangaza kwamba barabara ni ya magari, na kwamba watu wa zamani wangefuata ufuo. Tungekata kwa pwani, tungepata ubaridi wa bahari, na tungetokea magofuni kwa nyuma, kama walivyotokea wenye majahazi.

Ufuo ulikuwa mzuri kwa robo saa. Mchanga ulikuwa mgumu, upepo ulikuwepo. Kisha mchanga ukawa laini, ukawa mweusi, na mbele yetu ikasimama mikoko. Profesa aliingia kwanza. Hatua ya tatu matope yakamfika kwenye ugoko. Alipovuta mguu wa kulia, mguu ulitoka, kubazi halikutoka. Alipoinama akalikamata na kulivuta, kamba yake ikakatika, naye akaketi. Sijawahi kuona mtu akiketi kwa heshima namna ile mahali pasipo na kiti.

Mtoto mmoja mwenye ndoo ya kaa alikuwa anatutazama kutoka kwenye mzizi.

"Mzee, unatafuta nini?"

"Kaole," Profesa alisema kutoka matopeni.

Mtoto alimfikiria kidogo. "Kaole iko barabarani."

Tulirudi barabarani. Saa saba za mchana, kiangazi, jua halina huruma wala halina mjomba. Profesa alikuwa na kubazi moja mguuni na jingine mkononi, suruali ina rangi mbili, na chupa ya pili imekwisha. Bajaji zilipita. Kila ilipopita niliipungia mkono wa kuaga, maana wa kuisimamisha nilizuiwa. "Bado kidogo," alisema Profesa. Akaongeza kwamba Susi na Chuma wangeshindwa moyo, dunia isingewajua. Nilimkumbusha kwamba aliyebebwa safari ile alikuwa na haki ya kutosema kitu, na mimi nilikuwa tayari kujiunga naye.

Ndipo tukamkuta bibi. Alikuwa ameketi chini ya mwembe kando ya njia, khanga kichwani, mwavuli mapajani, na kapu kubwa la nazi zilizofuliwa mbele yake. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi na matope hayo?"

"Dar es Salaam, bibi."

"Mmepita baharini?"

Hatukujibu. Bibi akamtazama Profesa kuanzia kofia mpaka mguu mtupu.

"Na wewe mwenye kiatu kimoja, kabila gani?"

Kama kuna siku ambayo Profesa angepaswa kusema yeye ni Mpemba, ndiyo hiyo. Lakini damu ni damu. Alijinyoosha, akapiga kifua. "Mnyamwezi, bibi. Mnyamwezi wa Tabora!"

Bibi aliinuka. Miaka kumi ilimtoka mwilini.

"Ewe Mungu wangu! Mpagazi wangu huyu hapa! Nimekungoja tangu asubuhi, umepitia wapi? Mimi Mzaramo, baba. Mzigo wako huu."

Msomaji wa nchi hii hahitaji kuelezwa zaidi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani wao ulizaliwa humohumo kwenye misafara ambayo Profesa alikuwa akiihubiri tangu asubuhi. Mtani akikuomba kitu hujadili. Akikuchekea msibani hununi. Akikubebesha kapu la nazi, unainama. Profesa alinitazama mimi akiomba msaada. Nikamwambia kwamba utani wenyewe haunihusu, na kwamba singependa kuharibu mila.

Nazi zilikuwa ishirini na kitu. Kwa hesabu yangu hazikufika hata frasila moja. Bibi alisokota khanga yake ya pili ikawa kata, akamtwika kapu kichwani, akafungua mwavuli wake, tukaondoka: bibi na mimi kivulini, mjukuu wa misafara mbele yetu juani.

"Usiburute miguu, mpagazi, nazi zinaona haya."

"Ndiyo, bibi."

"Na babu zako walikuwa wakiimba njiani. Wewe mbona kimya?"

Profesa alijaribu. Wimbo pekee aliokuwa na pumzi nao ulikuwa wa timu yake ya mpira, na timu hiyo ilikuwa imefungwa Jumapili. Aliuimba nusu, ukamshinda kwa sababu zote mbili. Bibi alicheka mpaka akasimama kushika mti. Watu wa nyumba za kando ya njia walitoka kutazama, bibi akamtangaza kila mlango: "Njooni mwone, wamerudi! Nilidhani Mjerumani aliwamaliza kwa reli!" Na ndivyo ilivyokuwa hasa, maana reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 kazi ya wapagazi wa njia ile ilikwisha. Profesa angependa kulieleza hilo. Shingo haikumruhusu.

Nyumbani kwake, kijijini Kaole, bibi alitupa madafu na muhogo wa kuchemsha, akamfungia kubazi lake kwa kamba ya usumba, fundo ambalo nadhani litaishi kuliko ngozi yenyewe. Profesa alipoomba angalau asante, bibi alimwambia mpagazi hulipwa akifika na mzigo wa kurudi nao, na yeye mzigo wa Tabora hana.

Magofu ya Kaole, basi, tuliyaona tumeshiba na tumenyenyekea, na sidhani kama kuna namna bora ya kuyaona. Msikiti wa mawe ya matumbawe unaosemekana kuwa wa karne ya 13, kibla chake bado kinaelekea kinakopaswa kuelekea. Makaburi ishirini na mawili, mengine yana nguzo ndefu zilizokuwa zimepachikwa bakuli za Kichina, ushahidi kwamba watu wa hapa walifanya biashara ya ng'ambo karne nyingi kabla ya Bagamoyo kuwa mji wa maana. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba hapa. Kijana aliyetutembeza alituambia kwamba mji ulidhoofika kwa kuwa bahari ilijitenga nao: mchanga ulijaa, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kufika.

"Mikoko mmeiona?" aliuliza.

Profesa alitazama suruali yake. "Kwa karibu," alisema.

Tulikuwa kwenye kaburi la mume na mke, ambao husimuliwa kwamba walizama baharini pamoja wakazikwa pamoja, simu ya Profesa ilipoita. Alikuwa mkewe. Ikajulikana hapo kwamba mkewe alikuwa ameambiwa mumewe yuko dukani.

"Uko wapi?"

Profesa ni mtu wa ukweli anapochoka. "Niko makaburini," alisema, na chaji ikaisha.

Dakika haikupita simu yangu ikaita. Shemeji alikuwa analia.

"Shemeji, nani amekufa?"

"Mtu na mkewe, shemeji."

"Maskini! Wote? Lini?"

"Zamani kidogo, shemeji. Kabla ya Wajerumani."

Pakawa kimya kirefu. Kisha akasema nimwambie mwenzangu kwamba akirudi yatakuwa makaburi matatu.

Kwa hiyo tulipofikishwa kwenye mbuyu wa Kaole, mti unaosemekana kupita miaka mia tano, na kijana akatwambia wenyeji huamini kwamba anayeuzunguka huongezewa umri, Profesa hakungoja amalize. Aliuzunguka akichechemea na kamba yake ya usumba. Akauzunguka tena. Kijana alisema mara moja inatosha. Nilimwambia amwache, huyu anarudisha alichopoteza njiani na kuweka akiba ya atakachopoteza nyumbani.

Kurudi mjini hapakuwa na mjadala. Bajaji ilikuwa imeegeshwa chini ya mnazi, dereva amelala ndani, tukamwamsha. Profesa alipanda bila kutaja kabila. Tulikwenda mwendo wa dakika tano hivi, chombo kikakohoa, kikakohoa tena, kikazima. Dereva alishuka, akafungua plagi, akaipuliza, akaifuta kwa shati.

"Samahani, wazee wangu. Plagi hii haina hata wiki mbili. Nimeinunua Kariakoo, nikaambiwa ni orijino."

Kofia ya ukili ikashuka mpaka puani.

"Duka gani?" niliuliza, kwa utulivu wote wa Tanga.

"Jina silikumbuki, mzee. Ila mwenyewe ana maneno! Namwuliza bei ya plagi, ananianzishia habari za misafara ya Ujiji. Nikanunua ili nitoke."

Ikabidi isukumwe. Mimi nilibaki ndani kuchunga begi. Nyuma, mikono miwili ilisukuma bila kupumzika na bila kusema neno moja kuhusu babu wa mtu yeyote. Kilichobaki cha kilomita tano zile Profesa alikimaliza kwa miguu, kama alivyoahidi asubuhi, na mzigo wake ulizidi frasila zote za Caravan Serai. Tulipofika mjini alimlipa dereva nauli, akamwongezea fedha ya plagi mpya, akiwa bado amefunikwa uso. Dereva akamwombea dua, akasema angekuwa na wateja wengi wa roho ile angejenga.

Hukumu yangu ni fupi. Babu alirithisha hadithi ya kutembea. Miguu alizikwa nayo. Anayetaka kuwaheshimu wale waliobeba pembe, au wale waliobeba maiti ya mwenzao kutoka Chitambo, asijifananishe nao. Atembee kilomita moja tu ya njia yao juani, kisha anyamaze. Heshima itakuja yenyewe, pamoja na kiu.

Nawe msomaji, Kaole ipo na inakungoja. Usiache mpaka watoto wako waende na sare za shule wakuhadithie. Nenda asubuhi, pitia barabarani, lipa kiingilio bila kubishana, beba maji yako na ya mwenzako. Ukiwa Mnyamwezi na ukimwona bibi chini ya mwembe, amkia na upite upesi. Na ukiwa na duka la vipuri, uza vilivyo halali: nchi hii ni kubwa, lakini siku ya kukutana na mteja wako huwa ndogo sana.